JOSEPH WHITWORTH: FUNDI ALIYEZIPANGA PARAFUJO ZA DUNIA

Katika karakana nyingi za majeshi, na katika gereji za polisi zilizojengwa zamani, halikosekani sanduku moja la mbao au la bati lililojaa spana kuukuu ambazo hakuna azitakaye. Zimeshika kutu, midomo yake haikubali nati yo yote ya magari ya siku hizi, na namba zilizochongwa juu yake hazipatani na namba za spana mpya. Wengi huziona kuwa takataka. Sisi pia tulikuwa na mawazo hayo, mpaka siku moja tulipokuwa makadeti tukaagizwa kufungua boliti ya fremu ya Land Rover moja ya zamani iliyokuwa uani mwa karakana ya mafunzo. Tulichukua spana namba 13, ikakataa kuingia. Tukachukua namba 14, ikaingia kwa urahisi mno. Tukavuta kwa nguvu za ujana, na pembe za boliti zikaliwa zote sita. Mwalimu wetu, sajini wa makamo asiyependa maneno mengi, hakutukaripia. Alikwenda kwenye sanduku lile la takataka, akatoa spana nyeusi yenye herufi W, akaifungua boliti ya pili kana kwamba ni kifuniko cha chupa.

Jioni ile alitupa kazi ya kusafisha sanduku zima kwa mafuta ya taa na brashi. Tuliona ni adhabu, na kweli ilikuwa adhabu. Walakini kadiri kutu ilivyotoka ndivyo maandishi yalivyojitokeza: majina ya viwanda vya Birmingham, miaka ya vita, na alama ndogo ya mshale mpana ambao ndio muhuri wa zamani wa Wizara ya Vita ya Uingereza. Tangu hapo hatujaacha kuokota spana za kale po pote tulipopelekwa kikazi, na rafiki zetu wametuzoea. Herufi ile W ni ya jina la mtu, na mtu huyo ndiye tunayetaka kuwasimulia askari wenzetu leo, kwa sababu maisha yake yalishikamana na silaha kama yalivyoshikamana na spana.

Joseph Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 katika mji wa Stockport, karibu na Manchester, Uingereza. Baba yake, Charles, alikuwa mwalimu na baadaye mhubiri. Mama alifariki Joseph akiwa bado mtoto, na nyumba ile ikasambaratika. Kijana akapelekwa shule ya bweni huko Idle, karibu na Leeds, na alipotimiza umri wa miaka 14 akakabidhiwa kwa ndugu mmoja wa wazazi wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire. Ilikusudiwa ajifunze biashara ili siku moja awe bwana wa pamba. Yeye hakuiangalia pamba; aliziangalia mashine, na kwa muda mfupi alikuwa anajua kuziendesha na kuzitengeneza zote. Akakereka kuona jinsi zilivyoundwa ovyo. Baada ya miaka kama minne aliondoka bila ya kuaga, akaingia Manchester, akaajiriwa kuwa fundi wa kawaida wa mshahara mdogo. Inasemekana kwamba hata katika uzee wake aliihesabu siku ile kuwa ya furaha kupita zote.

Mwaka 1825 alimwoa Frances Ankers, binti wa mtu wa mashua, na mwaka huo huo akahamia London. Huko alipata kazi katika karakana ya Henry Maudslay, ambayo katika zama zile ilikuwa kama chuo kikuu cha mafundi wa chuma. Baadaye alifanya kazi pia kwa Holtzapffel na kwa Joseph Clement, fundi aliyekuwa akiunda mashine ya kuhesabu ya Charles Babbage.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jambo alilolishughulikia London ndilo msingi wa yote. Kila kazi ya chuma inahitaji uso ulionyooka kabisa, ambao fundi ataupimia vitu vingine. Mafundi wa wakati ule walikuwa wakichukua vibao viwili vya chuma na kuvisugua kimoja juu ya kingine kwa unga mkali hadi vilingane. Lakini kulingana si kunyooka. Kibao kimoja chaweza kuwa na tumbo na cha pili kikawa na bonde, navyo vikakaa pamoja vizuri kama kikombe na kisahani chake. Whitworth alikamilisha njia ya kutumia vibao vitatu. Ukipaka rangi kibao cha kwanza ukakiweka juu ya cha pili, rangi itaonyesha mahali palipoinuka, nawe utapakwangua kwa patasi yenye ncha kali. Kisha cha pili utakipima na cha tatu, na cha tatu na cha kwanza. Vibao viwili vyaweza kudanganyana. Vitatu haviwezi, kwa kuwa chenye tumbo hakitakubaliana na kingine chenye tumbo. Kazi inachosha mikono na macho, lakini mwisho wake ni uso ulionyooka hivi kwamba kibao kikiwekwa juu ya kingine huelea juu ya hewa kwa kitambo, na hewa ikikamuliwa vyote viwili huinuka pamoja.

Mwaka 1833 alirudi Manchester, akapanga chumba penye nguvu za mvuke katika mtaa wa Chorlton, akatundika kibao nje kujitangaza kuwa mtengeneza zana kutoka London. Hakuwa na mtaji wa kutisha. Alikuwa na mikono yake na vibao vyake vitatu. Kutoka chumba kile zikaanza kutoka mashine za kukereza, za kuranda vyuma, za kutoboa na za kukata meno, ambazo uzito na usahihi wake haukuwahi kuonekana. Alitengeneza hata gari la kufagia barabara likivutwa na farasi, na mitaa ya Manchester ikafagiliwa kwalo. Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 yalipofunguliwa, hapakuwa na fundi mwingine aliyeonyesha zana nyingi na bora kama yeye.

Sasa tuje kwenye parafujo. Askari wa leo anayeokota nati sakafuni na kuifunga kwenye boliti yo yote yenye unene ule ule hawezi kukisia taabu ya watu wa kale. Kila karakana ilikuwa na hesi zake, yaani ile mifereji inayozunguka boliti. Moja ilikata mifereji 10 katika inchi, jirani yake 11, wa tatu alikata mirefu, wa nne mifupi. Nati ya mashine moja haikuingia kwenye mashine nyingine hata zikiwa zimetoka kwa fundi mmoja, na mara nyingi kila nati ilitiwa alama ili irudi kwenye boliti yake yenyewe. Garimoshi likipoteza nati moja mbali na nyumbani, ilibidi atafutwe fundi aichonge nyingine kwa mkono.

Whitworth hakukaa mezani akabuni mfumo kutoka kichwani. Alikusanya. Aliomba na kupokea boliti na parafujo kutoka karakana mbalimbali za Uingereza, akazipanga, akazipima moja moja, kisha akatafuta wastani wake. Sisi wenye tabia ya kukusanya vyuma tunafurahi kuona kwamba mfumo wa kwanza wa taifa wa hesi ulianza na mkusanyo wa vyuma vya wengine. Mwaka 1841 aliupeleka mfumo wake mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London. Ubavu wa hesi ulikuwa wa pembe ya nyuzi 55; kilele na bonde viliviringishwa ili chuma kisipasuke; na kila unene ulipewa idadi yake ya mifereji katika inchi: robo inchi mifereji 20, nusu inchi 12, inchi nzima 8. Kwa kuwa ulikuwa wastani wa desturi zilizokuwapo, hakuna aliyeona ameshindwa na mwenziwe, na katika miaka iliyofuata kampuni za reli na viwanda vya mashine vikaufuata.

Vita vya Crimea, vilivyoanza mwaka 1853 na kwisha 1856, vilionyesha faida yake kwa ukali. Jeshi la Maji la Uingereza lilihitaji kwa haraka manowari ndogo nyingi zenye injini. John Penn wa Greenwich, aliyepewa kazi ya injini, hakuwa na karakana ya kuzitengeneza zote kwa wakati. Basi alizivunja injini mbili za mfano, akagawa vipande kwa karakana nyingi kila moja itengeneze kipande chake kwa wingi, na vipande viliporudi vikafungwa pamoja vikakubaliana. Jambo hilo lisingewezekana miaka 20 kabla yake.

Upimaji nao aliufikisha mahali ambapo watu walidhani anafanya mzaha. Mashine yake ya kupimia iliweza kutambua tofauti ya sehemu moja katika milioni moja ya inchi. Siri yake ni hesabu tupu ambayo kila msomaji aweza kuifuata. Parafujo yenye mifereji 20 katika inchi iliungwa na gurudumu la meno 200, na gurudumu hilo likazungushwa na jingine lililogawanywa kwa alama 250. Zidisha 20 kwa 200, kisha kwa 250, utapata milioni moja. Baina ya ncha za mashine kiliwekwa kibati chepesi. Kikibanwa hubaki, kikilegezwa kwa alama moja tu huanguka. Aliamini vidole kuliko macho, na fundi ye yote aliyewahi kupima nafasi ya vali kwa kibati atakubaliana naye.

Ndipo serikali ikaja na habari ya bunduki. Mwaka 1854, jeshi likiwa katika vita, bunduki ya Enfield ilikuwa ikitengenezwa na mafundi wadogo wengi mjini Birmingham, na hazikulingana. Whitworth aliombwa aunde mashine za kuzitengeneza. Akajibu kwamba hawezi kuunda mashine ya kutengeneza kitu ambacho hakuna anayejua sababu ya umbo lake. Kwanza lazima ijulikane mtutu bora ni upi. Serikali ikakubali kumjengea banda la shabaha lenye urefu wa yadi 500 karibu na nyumba yake nje ya Manchester. Dhoruba ikaliangusha. Likajengwa tena, na majaribio yakaanza mwaka 1855. Alitundika karatasi nyembamba moja baada ya nyingine njiani mwa risasi, ili matundu yaonyeshe jinsi risasi ilivyopita, ilivyoyumba na ilivyoshuka. Tunavyojua, hapakuwa na mtu kabla yake aliyeifuatilia risasi kwa subira namna ile.

Alichokipata ni kwamba mtutu wa Enfield, wenye kipenyo cha inchi 0.577, ulikuwa mpana mno, na mzunguko wake wa ndani, mmoja katika inchi 78, ulikuwa wa polepole mno. Yeye alishuka hadi inchi 0.451, akauzungusha mara moja katika inchi 20, na badala ya mifereji ya kawaida akaufanya mtutu kuwa wa pembe sita ndani, na risasi nayo ya pembe sita ndefu, ikiingia kama nati inavyoingia kwenye boliti. Fundi wa parafujo alikuwa amegeuza bunduki kuwa parafujo.

Mwaka 1857 silaha hizo mbili zilishindanishwa katika shule ya shabaha ya Hythe. Kwa yadi 500, wastani wa kukosea wa Enfield ulikuwa futi 2.24, na wa Whitworth futi 0.37. Kwa yadi 1,400 Enfield haikugusa shabaha kabisa, hali Whitworth iliendelea kupiga. Miaka mitatu baadaye, Malkia Victoria alipofungua mashindano ya kwanza ya shabaha ya taifa huko Wimbledon, bunduki iliyowekwa tayari juu ya kiegemeo cha chuma ilikuwa ya Whitworth. Malkia akavuta kamba ya hariri, na risasi kutoka yadi 400 ikatua kiasi cha inchi moja na robo kutoka katikati.

Pamoja na hayo yote jeshi likaikataa. Ilisemwa mtutu ni mwembamba mno, kwamba masizi ya baruti huuziba upesi, na kwamba bei yake yazidi ile ya Enfield mara kadhaa. Sisi hatuko tayari kuwacheka maofisa wale. Bunduki ya mashindano husafishwa kila baada ya mlio. Bunduki ya askari hulala naye matopeni. Yule asiyewahi kusukuma risasi ya kubana ndani ya mtutu mchafu huku adui akija hana haki ya kusema kwamba masizi ni jambo dogo. Walakini kuhusu kipenyo, Whitworth ndiye aliyekuwa sahihi. Jeshi la Uingereza lilipoipokea Martini-Henry mwaka 1871, bunduki ambayo Afrika ilikuja kuijua kwa machungu, kipenyo chake kilikuwa 0.45.

Kuna ukurasa mmoja katika maisha yake ambao hatuwezi kuupita kwa kunyamaza. Silaha iliyokataliwa nyumbani hutafuta mnunuzi ng'ambo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, majimbo ya Kusini yaliyopigania kuendelea kuwamiliki watu weusi yalinunua bunduki za Whitworth na kuzipenyeza kwenye vizuizi vya baharini. Hazikuwa nyingi. Zilipewa walenga shabaha waliochaguliwa, nyingine zikiwa na darubini ubavuni, nao wakatumwa kuwapiga maofisa na wapiga mizinga wa Kaskazini kutoka masafa ambayo hakuna aliyeyatazamia. Tarehe 9 Mei 1864 huko Spotsylvania, Meja Jenerali John Sedgwick, kamanda wa kikosi kikubwa cha Kaskazini, alikuwa akiwakemea askari wake kwa kuinamisha vichwa, akiwahakikishia kwamba adui yu mbali mno. Risasi ikampata usoni chini ya jicho, akafa. Inaaminika na wengi kwamba ilitoka katika mtutu wa pembe sita. Mizinga miwili ya Whitworth, ya kujazwa kwa nyuma, ilikuwa pia upande wa Kusini katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863.

Wakati huo huo, mjini Manchester kwenyewe, viwanda vya pamba vilikuwa vimefungwa kwa kukosa pamba ya Kusini, na wafanyakazi walikuwa na njaa. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1862 walikutana na kumpelekea Rais Lincoln ujumbe wa kumwunga mkono dhidi ya utumwa. Watu wenye njaa wa mji ule walijua upande wao. Kiwanda kikubwa cha mji ule ule kilijua bei yake. Tunamheshimu Whitworth kwa mengi, na spana zake tunazipaka mafuta kila mwezi, lakini tukiwa askari na tukiwa Waafrika tunaliandika hili bila kulipunguza.

Katika mizinga alipambana na William Armstrong wa Newcastle, ambaye serikali ilimpendelea tangu miaka ya mwisho ya 1850. Kamati zikakaa, mizinga ikashindanishwa, fedha zikatumika, na ugomvi wao ukajaza magazeti kwa miaka mingi. Whitworth hakuwa mtu wa kuvumilia kamati. Alikuwa mkavu wa maneno, asiyejua kubembeleza mkubwa, na hapana shaka tabia hiyo ilimgharimu zaidi ya kasoro yo yote ya mizinga yake. Ushindani ulimsukuma kutafuta chuma bora, akagundua njia ya kuikandamiza feleji kwa nguvu kubwa za maji ingali ji la moto, ili viputo vya hewa vitoke kabla haijaganda. Mwaka 1897, yeye akiwa amekwisha kufa miaka kumi, makampuni ya mahasimu hao wawili yaliungana yakawa Armstrong Whitworth.

Heshima hazikukosekana. Aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi mwaka 1857, Ufaransa ikampa nishani ya Légion d'honneur, na mwaka 1869 akapewa cheo cha baronet na kuitwa Sir. Lakini jambo tunalolipenda zaidi ni la mwaka 1868, alipotoa pauni 100,000 ziwe mfuko wa kuwasomesha vijana uhandisi, nafasi 30 za pauni 100 kwa mwaka. Sharti lake lilikuwa kwamba kijana awe na elimu ya kitabu na pia aweze kushika tupa na nyundo. Fundi asiyejua hesabu na msomi asiyejua jiriwa, wote wawili hakuwataka. Mwaka 1874 alipoifanya kazi yake kuwa kampuni ya hisa, aliwawezesha wafanyakazi kuwa na hisa zao humo.

Nyumbani hakuwa na bahati hiyo hiyo. Yeye na Frances waliishi mbalimbali kwa miaka mingi, na mkewe alifariki mwaka 1870. Mwaka uliofuata alimwoa mjane Mary Louisa Orrell, wakakaa Stancliffe Hall, Derbyshire. Hakupata mtoto. Uzeeni kifua kilimsumbua wakati wa baridi, akawa anakwenda pwani ya kusini penye jua, na huko Monte Carlo alifariki tarehe 22 Januari 1887, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa Darley Dale. Sehemu kubwa ya mali yake iliachwa mikononi mwa watu aliowaamini waitumie kwa manufaa ya umma, na Manchester ikapata bustani, jumba la sanaa lenye jina lake, na msaada kwa hospitali.

Gari la petroli alikufa bila ya kulizoea jicho lake, lakini magari ya Uingereza yalizaliwa ndani ya hesi zake. Kwa kuwa mtikiso wa injini hulegeza hesi nene, mwaka 1908 ilitolewa hesi nyembamba iitwayo BSF, yenye pembe ile ile ya nyuzi 55. Malori na magari waliyoyaendesha madereva wa Kiafrika wa jeshi la kikoloni, ambao wengine walifika hadi Burma mwaka 1944, na Land Rover za kwanza zilizotoka kiwandani kuanzia mwaka 1948, zote zilihitaji spana za familia hiyo.

Na hapa ndipo vijana wetu huchanganyikiwa. Namba juu ya spana ya Whitworth haitaji upana wa mdomo wake. Inataja unene wa boliti yenyewe. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani ni kubwa kuliko ile ya kisasa iliyoandikwa 1/2 AF. Kwa milimita ni 13.3, ndiyo maana 13 ilitukatalia na 14 ikatuaibisha. Mara nyingi upande ule ule utasoma pia 5/16 BSF, kwa kuwa boliti za BSF zilikuwa na kichwa kidogo zaidi kwa kipimo kimoja. Wakati wa vita, mwaka 1941, ili kuokoa chuma, vichwa vya boliti za Whitworth navyo vilipunguzwa vikalingana na vya BSF. Hivyo spana ya kabla ya hapo na boliti ya baada ya hapo, ingawa zina namba moja, hazipatani. Aokotaye spana na atazame hayo kwanza: W au BSW, BSF au BS, AF, au milimita. Kisha atafute jina la mtengenezaji. King Dick ni ya Abingdon ya Birmingham. Picha ya konokono ni ya Thomas Smith wa Saltley. Mshale mpana pamoja na mwaka, tuseme 1943, maana yake ilikuwa mali ya jeshi. Asitumie mashine ya kusaga kuondoa kutu, kwa maana itaondoa na habari zote. Mafuta ya taa, brashi, na subira vyatosha. Ile spana ya kuongeza na kupunguza mdomo, ambayo mafundi wa mitaani wameipa jina tusiloweza kuliandika katika gazeti, haihusiani na Whitworth. Hakimiliki yake ni ya Msweden Johan Petter Johansson, mwaka 1892.

Tahadhari moja kwa mkusanyaji. Injini za Morris zilitokana na kiwanda cha Hotchkiss cha Coventry, chenye asili ya Ufaransa, nazo ziliendelea kutumia hesi za milimita. Wateja wa Uingereza walikuwa na spana za Whitworth, basi boliti zile zikapewa vichwa vya Whitworth juu ya hesi za Kifaransa. Spana itaingia barabara; nati itakataa. Tumeshuhudia fundi mzuri akitukana kwa lugha tatu kwa ajili ya jambo hilo.

Kilichoumaliza utawala wa Whitworth ni vita. Marekani ilikuwa na mfumo wake tangu mwaka 1864, wa William Sellers, wenye pembe ya nyuzi 60, na boliti ya nusu inchi ilikuwa na mifereji 13 badala ya 12. Tofauti ya mfereji mmoja. Mwaka 1942 vifaru vya Kimarekani vya Grant vilipoingia katika jeshi la Uingereza huko Libya, fundi wa jangwani alihitaji seti mbili za spana na ghala mbili za nati. Kiwanda cha Packard huko Detroit, kilipopewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Rolls-Royce Merlin, kililazimika kwanza kujitengenezea zana za kukatia hesi za Kiingereza, maana Marekani hazikupatikana. Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia sahihi mjini Washington kukubali hesi moja ya nyuzi 60. Mwaka 1965 hesi za Whitworth zilitangazwa Uingereza kwenyewe kuwa za kizamani.

Sisi wa kazi za uhusiano hatujaachana nazo kabisa. Kamera tunayopigia picha za magwaride husimama juu ya miguu mitatu, na parafujo inayoishika chini ni ya robo inchi, mifereji 20 katika inchi, kama ilivyopangwa mwaka 1841. Siku hizi hukatwa kwa nyuzi 60, lakini kamera yetu mpya tumeifunga juu ya miguu ya kale yenye hesi ya Whitworth, nayo imeshika.